Injini ya pikapu iliyochoka: dalili, vyanzo na tiba, kabla ya kuisuka upya na baada yake

Pikapu iliyotembea kilomita 300,000 na zaidi huku ikibeba mizigo haifi injini siku moja. Huanza kudai oili kidogo kabla sevisi haijafika, kisha moshi, kisha mlio. Makosa mawili hurudiwa kuliko mengine yote. La kwanza ni kushusha injini kwa dalili ambayo ingetibika kwa sili za valvu au nozeli moja ya kunyunyizia mafuta. La pili ni kuisuka upya, yaani kuifungua yote na kuijenga tena, kwa kutia ringi za pistoni na beringi mpya bila kupima silinda wala krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Injini ya namna hiyo hunguruma vizuri wiki chache, kisha hurudi ilikotoka.

Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya kawaida kwa injini nyingi za pikapu, za petroli na za dizeli. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Inakula oili, inatoa moshi wa bluu

Kwanza hakikisha kwamba oili inaungua, si kwamba inavuja. Osha injini, laza kadibodi safi chini yake usiku kucha, kisha asubuhi uangalie matone yameangukia wapi. Kama kadibodi ni kavu, jaza oili hadi alama ya juu pikapu ikiwa mahali tambarare, tembea kilomita 1,000, halafu pima umeongeza kiasi gani kuirudisha kwenye alama. Robo lita kwa umbali huo si sababu ya kushusha injini. Lita nzima ni tatizo linalohitaji kutafutiwa chanzo.

Kitu cha kwanza kukagua ni valvu ya kupumulia ya injini na mpira wake, kwa sababu ni rahisi na huziba mara nyingi kwenye injini ya zamani. Ikiziba, mvuke wa ndani ya bloku hukosa njia, husukuma oili kwenye sili na kuipeleka kwenye njia ya hewa. Isafishe au ibadilishe, kisha pima tena kabla ya kusonga mbele.

Baada ya hapo, wakati moshi unapotoka ndio utakaokuambia chanzo. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha, ukakata baada ya dakika moja au mbili, ni sili za valvu: oili imechuruzika usiku na kutuama juu ya valvu. Sili hizi kwenye injini nyingi hubadilishwa bila hata kufungua hedi (kichwa cha injini), valvu zikizuiwa zisianguke kwa hewa ya kompresa inayoingizwa kupitia tundu la plagi. Moshi ukitoka unapokanyaga mafuta tena baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gia, shaka gaidi za valvu (mirija ambamo mashina ya valvu hupita) zilizolegea. Dalili hii ni ya petroli zaidi, maana dizeli nyingi hazina mvutano mkubwa kwenye njia ya hewa. Moshi ukitoka kila unapobeba mzigo na kupanda mlima, na unazidi kadiri unavyokanyaga, hapo ndipo ringi na silinda zinapoingia.

Kama injini ina turbo, fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni kawaida. Oili iliyotuama si kawaida. Shika ncha ya mhimili wa turbo kwa vidole: kucheza kidogo pembeni kunavumilika, kwenda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi ni dalili kwamba turbo imekwisha.

Simama hapa: turbo inayomwaga oili kwenye dizeli inaweza kuifanya injini ijiendeshe yenyewe kwa oili yake, mizunguko ikapanda bila kikomo hata ukizima swichi. Pikapu ya gia za mkono izimwe kwa kuweka gia ya juu kabisa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Kama haiwezekani, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au bamba gumu, kamwe si kwa mkono wala kitambaa, au ondoka karibu nayo. Usiiwashe tena kabla turbo haijaondolewa.

Nguvu imekwisha na injini inapumua

Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa moto na inanguruma bila kukanyagwa. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Moshi unaotoka kwa mapigo na kuurusha mfuniko uliowekwa juu juu ni kompresheni (hewa inayobanwa ndani ya silinda) inayopita pembeni mwa pistoni.

Hata hivyo, usianze na ringi. Filta ya hewa iliyoziba, filta ya dizeli iliyojaa maji, mpira wa turbo uliopasuka na bomba la moshi lililoziba huondoa nguvu vilevile. Tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) zilizobana nazo huacha valvu wazi kidogo, na kompresheni hushuka bila ringi kuwa na kosa lolote. Rekebisha tapeti kwanza, ndipo upime.

Kupima kompresheni: pasha injini moto, toa plagi zote (kwenye dizeli, plagi za kupasha au nozeli), kata umeme wa kuwashia na mafuta, hakikisha betri ina chaji, kanyaga mafuta mpaka chini kwenye petroli, kisha zungusha kwa stata mara 5 au 6 kwa kila silinda. Petroli yenye afya husoma takribani bari 10 hadi 14, dizeli takribani 25 hadi 35. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna kitu. Kwenye petroli, tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda sana, ringi zinavujisha. Isipopanda, valvu au gasketi. Usifanye hivyo kwenye dizeli. Chumba chake ni kidogo mno, oili yenyewe hupandisha kipimo na kukudanganya.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kuingiza hewa. Peleka pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na utegeshe sikio. Mlio kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea. Kwenye mdomo wa filta ya hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili ni ringi au silinda. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au ufa. Ondoa spana yoyote kwenye puli ya krankishafti kabla ya kufungulia hewa, kwa sababu pistoni isipokuwa juu barabara injini itazunguka ghafla.

Hewa ikitokea kwenye valvu tu, hedi peke yake ndiyo iende kwa fundi wa mashine. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili katika silinda zaidi ya moja, injini ishuke.

Inagonga

Mlio hupotosha watu wengi, na beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti) husingiziwa sana. Anza na vitu vya nje: puli ya krankishafti iliyolegea, bamba la flaiwili lenye ufa kwenye gia za otomatiki, mpira wa kushikilia injini uliokatika. Vyote hugonga kama chuma kinachokufa.

Kwenye dizeli, nozeli inayochuruza badala ya kunyunyiza hugonga sawasawa na konrodi. Hamisha nozeli ya silinda inayoshukiwa uiweke kwenye silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, tiba ni nozeli. Kwenye injini za kisasa zinazosimamiwa na kompyuta, nozeli hamisha pamoja na namba yake kwenye programu, kazi ya mwenye kifaa cha kupimia.

Simama hapa: kwenye dizeli ya reli moja ya mafuta (common rail), shinikizo hupita bari 1,500. Usilegeze bomba wala nati ya nozeli injini ikiwa inawaka ili kusikiliza silinda. Mafuta hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, kumbe ni la hospitali mara moja.

Baada ya hapo, ubora wa mlio. Mlio mkavu asubuhi unaokwisha injini ikipata moto ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Unaweza kuishi nao muda mrefu. Tiki-tiki ya juu inayokwenda nusu ya kasi ya injini ni tapeti. Kugonga kwa wazi ukishikilia mizunguko kama 2,000 kwa dakika kisha ukaachia pedali ni beringi ya konrodi. Mgongano mzito wa chini unapobeba mzigo ni beringi kuu, zile zinazoshika krankishafti kwenye bloku.

Ukishaamini ni beringi, zima na usiiwashe hata kwa kuisogeza uani. Beringi iliyokwisha huchubua krankishafti kwa dakika, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Kuanzia hapo hakuna cha kusuka.

Taa ya oili inawaka injini ikiwa moto

Kagua kiwango, kisha aina ya oili: oili nyepesi kuliko inayotakiwa, au iliyochanganyika na dizeli (inuse, na angalia kama kiwango kinapanda chenyewe). Kisha toa sensa na ufunge geji ya mkono mahali pake. Sensa mbovu ni nyingi kuliko pampu mbovu. Kanuni ya mafundi ni takribani bari 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto. Geji ikikubaliana na taa, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kununua pampu. Chujio la kunyonyea oili ndilo mshukiwa mkuu, na mara nyingi utakuta vijinyuzi vya silikoni vya kijivu au vyekundu vimelala kwenye wavu kama tambi, mabaki ya mtu aliyepaka gundi nyingi kwenye sampu. Chujio likiwa safi, yanafuata valvu ya kupunguza shinikizo iliyokwama wazi, beringi zilizolika, na pampu mwishoni.

Inachemsha, maji yanapungua

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Ikipoa: mfuniko wenyewe, mipira, rejeta iliyoziba, feni na klachi yake, thermostati, pampu ya maji. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, na mapovu yasiyokoma kwenye rejeta ni gasketi ya hedi. Kimiminika cha bluu cha kupimia gesi kwenye rejeta hugeuka njano kwenye injini ya petroli gesi ya silinda ikiwamo.

Maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake si ushahidi. Pikapu inayotembea safari fupi kwenye baridi hutengeneza maziwa hayo kwa mvuke tu. Angalia kijiti cha kupimia oili. Nako kukiwa na maziwa, tatizo ni la kweli. Oili ndani ya maji mara nyingi hutoka kwenye kipozeo cha oili, si kwenye gasketi.

Injini iliyolala usiku ikagoma kuzunguka asubuhi, kama imekaza ghafla, inaweza kuwa na maji juu ya pistoni. Usilazimishe stata. Toa plagi au nozeli zote, zungusha kwa mkono, acha maji yatoke. Kulazimisha hupinda konrodi.

Umeshaifungua: sehemu zinasema nini

Kabla ya kutoa chochote, piga namba kofia za konrodi na kofia za beringi kuu, pamoja na mwelekeo wake. Kofia hazibadilishani nafasi; kila moja ilichongwa pamoja na mwenzake.

Pitisha ukucha juu ya silinda, pale ringi ya juu inapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, silinda imelika. Ipime kwa geji ya ndani juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa krankishafti na kwa kuikata. Uduara ukipotea kwa zaidi ya takribani mm 0.05, au juu ikizidi chini kwa zaidi ya takribani mm 0.10, ringi mpya hazitaziba. Silinda zipanuliwe kwa mashine na pistoni za ovasaizi (mm 0.25, 0.50, na kuendelea), au zitiwe slivu (mabomba ya ndani ya silinda) mpya. Nunua pistoni kwanza, umpe fundi wa mashine azipime ndipo apanue.

Krankishafti ipimwe kwa mikrometa. Mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha inahitaji kusagwa, na beringi za saizi ya chini zinazolingana. Nafasi ya beringi hupimwa kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa chini ya kofia. Nyingi zinataka kati ya mm 0.02 na 0.06. Hedi ilazwe rula iliyonyooka na kupimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya): zaidi ya mm 0.05 isawazishwe, na hedi ya aluminiamu iliyochemsha ipimwe ufa kabla hujalipia kazi nyingine yoyote juu yake.

Kupima ufa, kusaga krankishafti, kupanua silinda na kusawazisha hedi ni kazi ya karakana yenye mashine. Hakuna njia ya uani.

Imesukwa upya, lakini haizunguki au ni nzito

Tatizo hili huepukwa kwa mazoea ya kukaza kofia moja, kuzungusha, kukaza ya pili, kuzungusha. Ikikaza ghafla, kofia uliyoigusa mwisho ndiyo yenye jibu: imegeuzwa, imehamishwa nafasi, au kuna uchafu nyuma ya beringi. Nywele moja nyuma ya beringi inatosha kuharibu nafasi yake. Ringi zenye mwanya mdogo huonekana nyepesi zikiwa baridi na kukamata zikipata moto. Ringi ya juu inataka takribani mm 0.4 kwa pistoni ya mm 100. Iingize peke yake kwenye silinda, inyooshe kwa pistoni, pima kwa fila geji.

Ukifunga mkanda au cheni ya taimingi, zungusha krankishafti kwa spana mizunguko 2 kamili na uhakikishe alama zimerudi. Ukihisi kizuizi kigumu, pistoni imegusa valvu. Simama, usisukume.

Haina shinikizo la oili mwanzoni

Pampu kavu haivuti. Ipake grisi laini au oili nzito wakati wa kuifunga, jaza filta, kisha zungusha kwa stata bila kuwasha mpaka geji ipande. Sekunde 15 kwa mara, ukipumzisha stata. Isipopanda, kosa la kutisha ni beringi kuu zilizobadilishwa juu na chini: nusu isiyo na tundu imewekwa upande wa bloku na kuziba njia ya oili. Injini ya hivyo hukamata ndani ya dakika chache. Kizibo cha njia ya oili kilichosahaulika baada ya kuosha bloku kinafuata.

Bado inakula oili

Mara nyingi ringi zimewekwa kichwa chini (alama ya nukta au neno TOP huelekea juu), mianya yake imepangwa mstari mmoja badala ya kutawanywa, au silinda hazikuchorwa mistari inayokatizana kwa takribani nyuzi 45 hadi 60. Kuna na kosa la usafi: silinda ziliondolewa vumbi la mawe ya kuchorea kwa petroli. Petroli huacha unga. Osha kwa maji ya moto na sabuni na brashi, pangusa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, halafu paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza.

Sababu nyingine ni kuilea mno. Kuiacha ingurume saa nzima bila mzigo huzifanya silinda ziwe laini kama kioo, na ringi hazishiki tena. Injini nyingi zinataka barabara mapema: kupandisha mwendo kwa mzigo wa wastani, kuachia, kupandisha tena, bila kuvuta mzigo mzito wala kushikilia mwendo mmoja kwa kilomita 500 za kwanza. Kamshafti yenye tapeti bapa ni tofauti: hiyo inataka takribani dakika 20 za mizunguko kati ya 1,500 na 2,500 tangu inapowaka mara ya kwanza.

Inachemsha baada ya kusukwa

Hewa iliyonasa ndiyo ya kwanza. Pandisha mbele ya pikapu, washa hita, jaza taratibu. Kisha thermostati iliyogeuzwa, au gasketi ya hedi iliyogeuzwa ikaziba njia za maji. Kwenye dizeli nyingi gasketi zina unene tofauti unaotambulika kwa matobo au vipengele pembeni. Unene huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, si kwa kununua inayofanana na ya zamani.

Gasketi ikiungua tena mapema, tazama bolti. Bolti za kuvutika hazitumiki mara ya pili. Matundu yake yapulizwe yakauke, kwa kuwa oili au maji yaliyonaswa chini ya bolti hudanganya spana ya toki na yanaweza kupasua bloku. Kaza kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje.

Filta ya kwanza

Badilisha oili na filta kati ya kilomita 500 na 1,000, na filta hiyo usiitupe. Ikate, vuta karatasi yake, ikamue na uitandaze juani. Vumbi laini la kijivu linalong'aa ni ringi zinazojipatanisha. Vipande vya aluminiamu ni pistoni au beringi zinazokwaruza. Magamba ya rangi ya shaba, mapana ya kuokota kwa kucha, ni beringi zinazobanduka: pikapu isiwashwe tena, sampu ishuke siku hiyohiyo na kofia zifunguliwe moja moja mpaka iliyochubuka ipatikane.